Mjomba ananiuzia lenzi yake kuukuu: niichukue, au ningoje toleo jipya?

Shikamoo ami,

Mimi ni msichana wa Langoni, hapa Lamu. Napiga picha za harusi, na kazi yangu kubwa ni upande wa wanawake: siku ya hina, siku ya kupamba, na mambo yote ya ndani. Wanaume hawaingii huko, kwa hiyo kazi, alhamdulillah, sikosi. Natumia kamera ya Canon EOS 80D na lenzi moja tu ya maana, ya milimita 17-55, f/2.8.

Tatizo ni kwamba picha hizo haziendi popote. Namkabidhi mwenye harusi, kisha nazifuta kwangu, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana na ndiyo amana. Miaka yote hii ya kazi, mtu akiniambia "hebu nionyeshe picha zako", sina la kumwonyesha ila keki na maua.

Basi nimeazimia kupiga mashindano ya mashua. Siku za Maulidi vyombo vinapokimbizana hapo mkondoni baina yetu na kisiwa cha Manda, mimi husimama gatini na hii lenzi yangu fupi, nikarudi nyumbani na picha za bahari tele na tanga dogo katikati. Nahitaji lenzi ndefu.

Mjomba wangu anakaa Malindi. Zamani alikuwa akipiga picha za watalii wanaokwenda kuvua bahari kuu. Anayo Canon 100-400 toleo la kwanza, ile ya kusukuma na kuvuta. Ameiweka kabatini tangu alipoacha kazi hiyo, na sasa anataka nimpe Sh60,000. Anasema, "Nakupa wewe kwa kuwa u damu yangu." Upande mwingine kuna mtu Mombasa anauza toleo la pili, lililotumika, kwa Sh150,000. Mimi nina Sh95,000.

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi ananiambia lile la kwanza ni takataka: linavuta vumbi, picha hazikazi, na kitulizaji chake cha mtikisiko ni cha zamani. Ananishauri niuze 17-55 yangu, niongeze, nichukue la pili. Mama naye ameshaniambia mjomba akikupa kitu hukifunuifunui mashavu kama samaki wa sokoni. Nikiikagua nitamvunjia heshima, nisipoikagua naogopa pesa zangu.

Nifanye nini, ami? Na je, naweza kuingia nayo chomboni siku ya mashindano, nipige kutoka majini?

Mpiga picha wa Langoni

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hatujafika kwa mjomba, hiyo 17-55 usiiuze. Iondoe kabisa kwenye hesabu. Kwenye 80D, kwa sababu kihisi chake ni kidogo, milimita 100, ambako hizo lenzi ndefu zinaanzia, zinakata picha kama vile 160. Ukumbini siku ya kupamba utalazimika kurudi nyuma mpaka utoke mlangoni ndipo bibi harusi aenee, na hapo bado hujagusa suala la mwanga. Lenzi yako ya sasa inafungua apecha, yaani tundu la mwanga, mpaka f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hizi 100-400, la kwanza na la pili, zinaanzia f/4.5 na zikifika 400 ni f/5.6, yaani robo tu ya mwanga unaoupata leo. Anayekushauri uiuze hajawahi kuingia kwenye kupamba, na wala hataingia.

Sasa tuje kwenye matoleo. La kwanza lilitoka 1998, la pili 2014. Miaka 16 ni mingi katika mambo ya lenzi, na kijana wako hasemi uongo: la pili ni bora. Lakini usiulize lipi bora, uliza ubora huo unaangukia kwenye picha unazotaka kupiga wewe, au unaangukia pengine.

Chukua kitulizaji. Kwenye toleo la kwanza kinakupa kama hatua mbili, kwenye la pili Canon wanasema hadi nne, na kila hatua inakuruhusu kupunguza kasi ya shata kwa nusu. Kwa lugha ya mkono: kwa kamera yako, ukiwa kwenye 400 bila kitulizaji, ungetaka kasi ya shata kama 1/640 ya sekunde ili mkono usiharibu picha. Hatua mbili zinakushusha mpaka 1/160, hatua nne mpaka 1/40. Tofauti hiyo ni kubwa sana kwa mtu anayepiga ndege aliyetulia juu ya mkoko magharibi ikiingia. Lakini kitulizaji kinatuliza mkono wako, hakisimamishi mashua. Chombo kinachokata maji na tanga limejaa, mabaharia wamekalia ubao upande wa upepo, maji yanaruka, hicho unakipiga kwa 1/1000 au zaidi. Kwenye kasi hiyo matoleo yote mawili yanakaribiana mno, kwa sababu shata yenyewe imeshaumaliza mtikisiko. Kitakusaidia kuona vizuri ndani ya kitafutio, basi. Na ukiwa unafuatisha chombo kutoka kushoto kwenda kulia, lenzi zote mbili zina swichi ya modi ya 2, ambayo inatuliza mtikisiko wa juu na chini peke yake. Iweke hapo.

Ukali wa picha ni suala jingine, na hapa toleo la pili linashinda waziwazi. La kwanza likiwa kwenye 400 na f/5.6 linalegea kidogo, na pembeni zaidi. Ukibana tundu la mwanga mpaka f/8 linakaza vizuri. La pili halihitaji kubanwa. Je, unayo nafasi ya kubana? Kwa Lamu, na kwa mchezo huu, unayo. Mji unatazama mashariki, Manda iko mbele yako. Asubuhi jua linakupiga usoni na vyombo vinakuwa vivuli, lakini baada ya alasiri jua liko mgongoni mwako na tanga lote linawaka. Jua likiwa bado juu kidogo, f/8 na 1/1000 unaipata kwa ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya 400 au karibu yake, na 80D kwa ISO hiyo haina neno. Angalia tu tanga jeupe lisiungue. Punguza mwanga kidogo ukiona kwenye kioo cha nyuma limekuwa kama karatasi isiyo na mistari.

Kuna jambo ambalo hawakuambii wanaouza lenzi. Mchana wa jua kali, hewa juu ya mchanga na juu ya maji inachemka. Ukivuta kwa 400 kitu kilicho mbali, hewa hiyo inacheza kati yako na chombo, na picha inatoka imelegea hata lenzi iwe mpya namna gani. Wengi hulaumu lenzi kuukuu kwa kosa la hewa. Dawa yake ni kusogea karibu au kungoja jua lishuke.

Mengine niyapitie upesi. Toleo la pili linafokasi kwa karibu, mita 0.98 dhidi ya 1.8 za lile la kwanza. Zuri kwa anayepiga vipepeo, wewe humo katika hilo. La kwanza lina uzito wa gramu 1,380, la pili karibu 1,640 pamoja na kishikio cha tripodi. Ukiongeza kamera, tofauti hiyo utaijua begani jioni. Ukija kuhamia kamera mpya zisizo na kioo za Canon, zote mbili zinaingia kwa adapta. Na huko kusukuma na kuvuta, wanaochukia wapo na wanaopenda wapo. Chombo kikikujia moja kwa moja, kurudi kutoka 400 mpaka 100 ni mkono mmoja, mara moja, haraka kuliko kuzungusha ringi. Ila kabla ya kuikaza ile ringi ya breki, usiache lenzi ikiangalia chini: inashuka yenyewe.

Kuhusu vumbi. Lenzi zote mbili zinarefuka ukivuta, na kila kinachorefuka lazima kiingize hewa. Tofauti ni kwamba la pili lina mipira ya kuzuia maji na vumbi, pamoja na ule wa pale linapokutana na kamera, na la kwanza halina. Hilo ndilo jibu la swali lako la kuingia chomboni. Kwa lenzi ya mjomba, usiingie. Maji ya chumvi yakirushwa na upepo wa kusi, nawe unasukuma na kuvuta, unaipeleka chumvi ndani kwa mkono wako mwenyewe. Na hata ungekuwa na hilo la pili, 400 ndani ya mashua inayoyumba ni kazi ya kukukondesha bure. Utapata vipande vya tanga na vichwa vilivyokatwa. Siku utakayopata nafasi chomboni, ingia na 17-55 yako ukiwa umeifunika. Hiyo ndefu ibaki gatini, au ukasimame Shela pale mkondo unapofunguka.

Kwa hiyo kwa kazi uliyonieleza, toleo la kwanza linakutosha, na Sh35,000 zinakubakia mkononi. Ungeniambia unataka kupiga ndege alfajiri, au unakwenda baharini kila wiki, ningekwambia ufunge mkanda ungoje la pili. Hukusema hivyo.

Lakini nimesema toleo la kwanza, sijasema lile la mjomba. Lenzi iliyokaa kabatini Malindi miaka kadhaa ndiyo hofu yangu, na hofu hiyo ni kubwa kuliko hii ya toleo. Adui wetu pwani ni kuvu. Inapenda giza, joto na unyevu, na kabati la nguo lina vyote vitatu. Inaota juu ya vioo vya ndani, ikikomaa inatoa asidi inayokula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, na hapo hata fundi akiisafisha, alama inabaki. Lenzi hii imeshaacha kutengenezwa, vipuri haviwekwi milele, na kuifungua yote kusafisha kunaweza kukutoa pesa zinazokaribia bei yenyewe.

Ukifika Malindi fanya hivi. Itoe lenzi kwenye kamera, ondoa vifuniko vyote viwili, ingia chumba chenye giza kidogo. Washa tochi ya simu upande mmoja, wewe uchungulie upande wa pili, lakini usiielekeze tochi moja kwa moja. Ipindishe, mwanga uingie kwa ubavu. Lenzi ikiwa nje ya kamera, majani ya apecha yako wazi, kwa hiyo utaona mpaka ndani. Geuza, fanya upande mwingine. Ivute mpaka 400, kisha irudishe 100, uchungulie tena. Vijipunje vya vumbi vichache visikutishe, havionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zenye matawi, au ukungu wa maziwa uliotanda. Kuvu kidogo ukingoni mwa kioo cha mbele ni suala la kupunguziana bei. Kuvu katikati, au kwenye vioo vya ndani, iache.

Halafu sukuma na uvute taratibu, sikio likiwa karibu. Ukisikia mchanga unakwaruza, ujue imeshakwenda ufukweni mara nyingi bila kufutwa. Angalia pia nyuma, pale panapoingia kwenye kamera: huwa kuna herufi mbili na tarakimu zilizopigwa chapa kwa maandishi madogo. Herufi ya pili ni mwaka. M ni 1998, na zinafuatana kwa alfabeti: U, kwa mfano, ni 2006. Utajua umri wake bila kumuuliza mtu.

Sasa ivishe kwenye 80D yako. Bonyeza shata nusu, usikie kitulizaji kikivuma na uone picha kwenye kitafutio ikitulia. Kisha fanya kipimo ambacho wengi wanakisahau: piga picha kwenye f/5.6, halafu f/8, halafu f/11, na urudie kwenye 100, 200 na 400. Ndani ya lenzi kuna utepe mwembamba wa umeme unaokunjwa kila ukivuta, na unachoka. Ukikatika, kwenye f/5.6 ya 400 kila kitu kinaonekana kizima, kwa sababu apecha haihitaji kusogea. Ukiibana tu, kamera inakuandikia Err 01 na kugoma. Aliyejaribu lenzi kwa picha tatu dukani ikiwa wazi hakugundua kitu. Mwisho iweke juu ya tripodi, uzime kitulizaji (hiki cha toleo la kwanza hakijui kwamba kiko juu ya tripodi, kinaweza kuitikisa picha chenyewe), upige ukuta wa mawe au gazeti lililobandikwa, na ulinganishe pembe zote nne. Pembe moja ikilegea na nyingine tatu zikakaza, kuna kioo kilichohama mahali pake. Labda iliwahi kuanguka.

Kama una siku ya ziada, nenda nayo mdomo wa mto Sabaki, kaskazini kidogo ya mji. Heroe wakiwapo, na vitwitwi wanaotimka kwa makundi, hao watakuonyesha kama fokasi inafuata au inayumba. Usishuke ovyo ukingoni, kuna viboko.

Na mjomba? Mama yako ana haki kwa namna yake, lakini usimuweke mjomba kwenye nafasi ya muuzaji anayeshukiwa. Muweke kwenye nafasi ya mwalimu. Mwambie: "Mjomba, mimi sijawahi kushika lenzi ndefu. Nionyeshe unavyoisafisha na unavyoiangalia." Mtu aliyekula jasho lake kwa kamera atafurahi, na pengine tochi ataiwasha yeye mwenyewe mbele yako. Kisha mwombe akuachie wiki moja ukaipige, ndipo mlipane. Kama ana hakika nayo hatakataa. Na mkikubaliana, andikeni: bei, kiasi ulichotoa, kilichobaki na lini. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatuhimiza tuandike deni, wala haikuwatoa jamaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na baina ya mtu na mjomba wake kinachopotea si mali tu.

Ukikuta kasoro, usimwambie "lenzi yako imeoza". Mwambie kuna kuvu ndani, umwonyeshe, na umuachie yeye aseme. Akishusha bei kwa kuvu ya katikati, bado shukuru na ukatae. Yule wa Mombasa naye, siku utakapokuwa na pesa, apitishwe kwenye tochi ileile. Toleo la pili nalo huota kuvu, na muuzaji asiyekujua hana sababu ya kukuonea haya.

Ukiichukua, usiirudishe kabatini. Nunua chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, tia pakiti kubwa za silika jeli zile zinazobadilika rangi, na rangi ikigeuka zikaushe kwa moto mdogo kisha uzirudishe. Usitumie mchele, una unga. Itoe mara kwa mara uitumie, hata kama hakuna mashindano, mwanga na hewa viipitie. Ukirudi kutoka gatini, ifute nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu, kabla hujaisukuma wala kuivuta. Na kama mjomba atakupa na begi lake la ngozi, mshukuru, lichukue ukawekee kitu kingine. Ngozi inashika unyevu.